Hemingway: mzee aliyedondoka na ndege mbili ndani ya siku mbili

Leo siasa tuziweke kiporo. Nataka niwasimulie habari ya mzee mmoja wa Kimarekani, mwandishi wa vitabu, aliyedondoka na ndege Jumamosi, Jumapili akadondoka na nyingine, na Jumatatu bado alikuwa anapumua. Tena si huko kwao, ni hapahapa jirani, Uganda, Januari 1954. Anaitwa Ernest Hemingway. Wengi tulimsikia kwa sababu ya kile kitabu chake cha mzee mvuvi na samaki mkubwa, na kwa sisi wa huku, kuanzia Mwandiga kushuka Kibirizi mpaka Ujiji, habari ya mvuvi aliyekesha na samaki haihitaji mwalimu wa kuifafanua.

Ila leo vitabu vyake navipitia juujuu tu. Kinachoniwasha ni zile ndege mbili. Kigoma ajali ya ndege tunaijua. Tarehe 9 Aprili 2012 Dash 8 ya ATCL iliharibika vibaya uwanjani kwetu ikiwa inaruka, ndani watu 39, wote wakatoka hai. Halafu tarehe 6 Novemba 2022 ATR ya Precision Air ikaingia ziwani kule Bukoba, watu 43, tukazika 19. Mara zote mbili mtaani stori ilikuwa moja: siku yao ilikuwa haijafika, au siku yao ilikuwa imefika. Sibishani na mtu kwenye imani yake. Lakini ukiifuatilia habari ya huyu mzee unakuta kuna mambo mengine ya kuuliza kabla hujafika huko. Mlango ulikuwa wapi? Mafuta yalikaa wapi? Mkanda ulishika kiuno tu au na mabega?

Haya, tuanze. Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899, Oak Park, karibu na Chicago. Kijana wa miaka 18 akaenda Italia kwenye Vita ya Kwanza kuendesha gari la wagonjwa, akalipuliwa miguu Julai 1918. Akaishi Paris, akaandika, akapata jina. Alikuwa mtu wa kuumia umia: magari, ndondi, vita, uvuvi, kila mahali anatoka na kovu. Mwili mkubwa, kichwa kigumu (na hicho kichwa mkikumbuke, kitakuja kufanya kazi baadaye).

Tanganyika alikuja mara ya kwanza mwishoni mwa 1933, safari ya kuwinda. Huko Serengeti akapigwa na kuhara damu, ile ya amiba, ile mbaya. Januari 1934 ikabidi kindege kije kumchukua porini kimpeleke Nairobi kwa matibabu. Kwa hiyo kabla ndege ndogo haijataka kumuua, ilishamwokoa. Safari ile ya angani ndiyo baadaye, mwaka 1936, ikaingia kwenye hadithi yake maarufu ya theluji za Kilimanjaro.

Akarudi Afrika Mashariki 1953, sasa mzee wa miaka 54 na mke wake wa nne, Mary. Mtoto wake Patrick alikuwa anaishi Tanganyika, na huyo ndiye baadaye alikuja kufundisha chuo cha wanyamapori Mweka. Wakakaa Kenya miezi kadhaa, na kama zawadi ya Krismasi Hemingway akamkodia Mary ndege akaone nchi kutoka juu. Rubani aliitwa Roy Marsh. Ndege ilikuwa Cessna 180, mpya kabisa kwa wakati ule, aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka huohuo wa 1953.

Wakatoka Nairobi, wakafika mpaka Bukavu kwenye ziwa Kivu. Kwa wasiojua, maji ya Kivu yanateremka na mto Ruzizi mpaka yanaingia ziwa letu, kwa hiyo walishakaribia nyumbani kwetu kabisa. Lakini wakageuza kaskazini, wakaenda Entebbe, na tarehe 23 Januari wakaelekea maporomoko ya Murchison, pale mto Nile unapobanwa kwenye mwamba.

Marsh akawa anazunguka juu ya maporomoko ili Mary apige picha. Kundi la ndege wa porini likatokea mbele. Akashuka kuwakwepa, akagonga waya wa zamani wa simu ambao haukuwa unatumika tena. Ndege ikaumia. Chini kuna mto wenye mamba, kuna mawe, na kuna vichaka. Marsh akachagua vichaka.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo elimu ilipo.

Chukua embe bivu, lidondoshe kwenye sakafu ya saruji, halafu lingine lidondoshe kwenye rundo la majani, urefu uleule. La kwanza limepasuka, la pili unalila. Mwendo ulikuwa mmoja, tofauti ni nafasi ya kusimamia. Tufanye hesabu ndogo, msiogope. Cessna kama ile inaweza kuja polepole, tuseme kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Ikisimama ndani ya mita 10, vichaka vikiivuta na bati likijikunja, mwili wako unasukumwa kwa nguvu kama mara 3 ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anakuwa kama wa kilo 210. Utaumia, lakini utasimulia. Ikisimama ndani ya mita 1, kwa kugonga mwamba, nguvu inakuwa kama mara 32. Yule wa kilo 70 sasa ni zaidi ya tani 2, na ananing'inia kwenye mkanda mmoja wa kiunoni. Na kumbuka mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuua haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana ndege ndogo inayoweza kutua polepole ina huruma kuliko ile inayotaka kasi.

Cessna 180 ilikuwa nzima ya bati la alumini. Bati lina tabia moja nzuri: linajikunja kabla ya kukatika, na kila linapojikunja linakula sehemu ya lile pigo. Mabawa yake yako juu ya vichwa vya abiria na mafuta yamo humohumo ndani ya mabawa. Hiyo ina ubaya wake, bawa likichanika mafuta yanaweza kumwagika juu yako. Ila siku ile hayakuwaka. Injini ni moja, iko mbele, kwa hiyo kinachogonga kwanza ni injini na si magoti ya mtu. Marsh akaishusha vichakani, ikasota, ikasimama. Mary mbavu mbili zilivunjika. Hemingway akaumia bega na mgongo. Marsh mzima. Watatu ndani, watatu nje.

Usiku ule wakalala porini wakiwa wamewasha moto, tembo wanapita jirani. Huku nyuma ndege kubwa ya abiria ya Waingereza ilipita juu, ikaona mabaki, haikuona mtu. Basi, dunia nzima ikatangaziwa Hemingway kafa. Magazeti yakaandika tanzia. Na wakati huo mwenyewe yuko kando ya Nile anasikiliza viboko.

Asubuhi ikapita boti kwenye mto, ikawachukua mpaka Butiaba, ziwa Albert. Aside ya bure kwa watu wa Kigoma: maji yaleyale ya Butiaba na Murchison yalitumika 1951 kupigia picha filamu ya The African Queen, na stori ya filamu ile asili yake ni vita ya huku kwetu, ya meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Sasa Götzen ni nani? Ni Liemba yetu. Dunia ndogo.

Butiaba wakakuta rubani mwingine, Reginald Cartwright, anawasubiri na ndege ya kuwapeleka Entebbe. Hii ilikuwa de Havilland Rapide. Jamani, Rapide ni ndege ya enzi nyingine. Iliruka mara ya kwanza 1934. Mabawa mawili, moja juu moja chini, yamefungwa na nguzo na waya. Mwili wa mbao na plywood, umevikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, na dawa ile inashika moto haraka. Injini mbili kwenye mabawa ya chini, na matangi ya mafuta nyuma ya injini, ubavuni mwa abiria. Ndege nzuri kuitazama, nakubali, nimeona picha zake na ni kama meza ya fundi seremala hodari. Ilisafirisha watu miaka mingi. Lakini ukiiangalia kwa jicho la ajali, kila kitu kinachowaka kimepangwa kuwazunguka watu.

Uwanja wa Butiaba ulikuwa na matuta. Rapide ikakimbia, ikaruka, ikadunda, ikaanguka. Moto papo hapo. Na hapa ndipo ilipo tofauti ya ndege zile mbili: pigo lenyewe la Rapide halikumuua mtu. Mwendo ulikuwa mdogo, wote walikuwa hai ndege iliposimama. Kilichobaki ni kutoka, na muda wa kutoka kwenye ndege ya mbao na kitambaa inayowaka ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mlango ukagoma. Ajali ikipinda fremu, mlango unabanwa kama droo ya kabati iliyovimba kwa mvua. Marsh akapiga teke dirisha, akapita, Mary akapita. Hemingway mwili wake haupiti dirishani. Akarudi mlangoni akaupiga kwa bega na kwa kichwa. Ndiyo, kwa kichwa. Ukafunguka. Cartwright naye alitoka. Watu wanne, wote hai, na ndege ikateketea.

Lakini bei yake! Kichwa kilipasuka mpaka maji ya ubongo yakawa yanavuja. Ini, figo na wengu viliumia, uti wa mgongo uliumia, aliungua, jicho la kushoto na kusikia vikapotea kwa muda. Polisi mmoja akawachukua kwa gari mpaka Masindi. Siku chache baadaye, amini usiamini, mzee akapanda tena ndege kurudi Nairobi. Na burudani yake kubwa kitandani ilikuwa kusoma tanzia zake mwenyewe, mke anamwomba aache, haachi.

Sasa linganisheni. Jumamosi: pigo kubwa zaidi, kwenye pori, hakuna uwanja, hakuna gari la zimamoto, na watu wanatoka na mbavu na mabega. Jumapili: uwanjani, mwendo mdogo, na mtu anabaki na majeraha ya maisha. Bahati ilikuwepo siku zote mbili, sikatai. Ila Jumapili kilichomvunja ni mlango na moto. Mimi nikimsikia mtu anasema ndege ndogo ni jeneza namuuliza: ndogo ipi?

Ubaya ni kwamba kipindi kilekile kuna watu walishaanza kuyajua haya. Mmarekani mmoja, Hugh DeHaven, alikuwa mwanafunzi wa urubani 1917, akagongana na mwenzake angani akapona, lakini tumbo lake liliumizwa na kifungo cha mkanda wake mwenyewe. Madaktari walimwona kama muujiza, yeye akamwona mhandisi mzembe. Mwaka 1942 alichapisha utafiti wa watu walioanguka kutoka mita 15 mpaka 45 hivi na wakapona, akaonyesha kwamba siri iko kwenye kile walichoangukia na namna kilivyobonyea. Akaendelea na kazi hiyo chuo kikuu cha Cornell, akipita ajali za ndege ndogo moja moja na kuuliza: kilichomuua huyu ni kitu gani hasa? Mara nyingi jibu lilikuwa dashibodi, usukani, kiti kilichong'oka, kichwa kilichokosa mkanda wa begani.

Kutokana na kazi ya namna hiyo, mwaka 1950 Fred Weick akatengeneza kule Texas ndege ya kunyunyizia dawa mashamba, AG-1, rubani kawekwa juu na nyuma, mbele yake pipa la dawa na pua ndefu vya kujikunja kwanza. Mpaka leo ndege za kunyunyizia dawa ukiziona, rubani amekaa juu kama kwenye kigoda. Umbo lile halikuja kwa urembo.

Tarehe moja inanifurahisha sana. Hemingway alitangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi Oktoba 1954, na sherehe Stockholm ilikuwa tarehe 10 Desemba. Hakwenda, afya yake haikuruhusu, balozi wa Marekani akamsomea hotuba. Siku hiyohiyo, 10 Desemba 1954, huko New Mexico daktari wa jeshi la anga John Stapp alijifunga kwenye kiti cha roketi kinachopita juu ya reli, akapelekwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha akasimamishwa ghafla kwa nguvu ya zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Macho yalivuja damu lakini akapona na kuendelea na kazi. Alithibitisha kwa mwili wake kwamba mtu akifungwa vizuri, na mabega yakishikwa, anavumilia pigo kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mzee wetu aliyepiga mlango kwa kichwa yuko kitandani, na mwenzake anaonyesha kiti na mkanda vinaweza nini.

Na bado mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. Marekani, ambako ndege ndogo nyingi za kwetu zinatoka, mkanda wa begani kwa viti vya mbele ulikuja kulazimishwa kwa ndege zilizotengenezwa baada ya Julai 1978. Kwa viti vyote, Desemba 1986. Kupima viti kwa kuvigongesha kweli kweli, si kuvivuta tu na mzigo, kukaingia kwenye kanuni 1988. Sasa angalia: ndege ndogo inaishi miaka 40, 50, ukiitunza. Ndege ya 1975 inayoruka leo kihalali haikuwahi kuguswa na sheria hizo. Rangi mpya, viti vimeshonwa upya, lakini mifupa ni ya 1975. Kwa upande wa moto jeshi la Marekani lilionyesha njia: kuanzia 1970 lilifunga kwenye helikopta zake matangi ya mpira mgumu na mabomba yanayojifunga yakikatika, na vifo vya kuungua vikakaribia kwisha. Inawezekana, ila inaongeza uzito na inaongeza bei, na kwenye ndege ndogo kila kilo ina mwenyewe.

Msije mkasema nimesema umbo la ndege linashinda kila kitu. Halishindi. Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa anahesabu wanyama Serengeti na baba yake, alikuwa na Dornier Do 27, ndege imara ya chuma, ile iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 akagongana na tai, waya za kuongozea bawa zikabanwa, ndege ikaenda chini puani. Amezikwa ukingoni Ngorongoro. Denys Finch Hatton naye, 14 Mei 1931 pale Voi, Gipsy Moth yake ilipanda, ikageuka, ikaanguka kwa pua na kuwaka. Alikufa pamoja na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, ambaye vitabu vingi vinamtaja kwa nusu mstari. Ukianguka kwa pua, zile mita 10 za kusimamia hazipo, na hapo mhandisi hana la kukufanyia. Ndiyo maana Marsh namheshimu: hakukata tamaa ya kuongoza, aliishusha ikiwa bado inaruka.

Hemingway hakurudi kuwa yuleyule. Mgongo, kichwa, kumbukumbu, pombe akaizidisha kutuliza maumivu. Miaka ya mwisho akawa na sonona na hofu za ajabu ajabu, akalazwa, akapigwa shoti za umeme kichwani kama tiba ya siku zile. Tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, alijiua. Mwaka 2017 daktari wa akili Andrew Farah alitoa kitabu akidai kwamba mapigo ya kichwa ya miaka yote, na lile la Butiaba likiwa kubwa kati ya hayo, yaliharibu ubongo wake taratibu. Mimi si daktari. Ila nikisoma nakuta hesabu ya Butiaba haikufungwa siku ile moto ulipozimika.

Nirudi Bukoba kidogo. ATR si ndege ndogo, najua, wataalamu msinirukie. Lakini pale pia wengi waliotoka walitokea nyuma, mlango wa nyuma ulipofunguliwa na wavuvi wakasogeza mitumbwi, wakati mbele maji yalikuwa yameshajaa. Ni mlango tena.

Wadau wa Kigoma mnaofanya kazi na watalii, na mliowahi kuomba lifti kwenye vile vindege vya kwenda Mahale na Katavi, hebu tuambieni hapo chini: kiti chako kilikuwa na mkanda wa begani au wa kiunoni peke yake, na kabla ya kuruka rubani alikuonyesha mlango unafunguliwaje?